Bawabu wa Kivinjari na Mwajiri Wake

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei 2019, saa tisa na dakika chache kwa saa za Afrika ya Mashariki, cheti kimoja cha kidijitali kilichokuwa mikononi mwa shirika la Mozilla kilifikia ukomo wa muda wake bila ya mtu kukihuisha. Na kwa kuwa mhuri wa cheti hicho ndio uliokuwa dhamana ya viendelezi vilivyotiwa katika kivinjari cha Firefox, viendelezi hivyo vikaanza kuzimika kompyuta moja baada ya nyingine, duniani kote, pasipo kosa la mwenye kompyuta wala la fundi aliyeviandika. Firefox ilikuwa na ada ya kukagua mihuri mara moja katika kila saa 24, hivyo balaa halikuwashukia watu wote kwa pamoja: mmoja aliamka akakuta matangazo yamefurika katika gazeti alilozoea kulisoma likiwa safi, mwingine akakuta mtunza nywila wake ametoweka katikati ya kazi, na mwenzao ambaye saa ya ukaguzi wake haijawadia akawa anawashangaa wote wawili.

Walioumia zaidi ni wale ambao watu hawakuwafikiria mwanzoni. Kivinjari cha Tor, kilichojengwa juu ya msingi wa Firefox na kutumiwa, miongoni mwa wengine, na waandishi wa habari na watu waishio chini ya serikali kali ili kuficha nyayo zao mtandaoni, hutegemea kiendelezi kiitwacho NoScript, kazi ya Mwitaliano Giorgio Maone. Nacho kikazimika pamoja na vingine, kikamwacha mtu wazi mahali alipodhani ana sitara. Mozilla ilipeleka dawa ya muda kabla ya nusu siku kupita, lakini dawa hiyo ilipitishwa katika njia ya majaribio ambayo sharti lake ni mtumiaji kuruhusu taarifa zake zikusanywe, na wengi walikuwa wameifunga njia hiyo kwa makusudi. Ndipo shirika likaahidi kuzifuta taarifa zote zilizokusanywa kwa njia hiyo katika juma lile. Toleo lililorekebishwa, namba 66.0.4, lilitoka siku iliyofuata, na watu wakarudi katika shughuli zao.

Nimekitanguliza kisa hiki, ambacho hakikuwa na mwizi wala hiana ndani yake, kwa kuwa kinadhihirisha jambo ambalo siku za kawaida hufichika: kwamba mtu adhaniaye anatumia kivinjari fulani aghalabu hutumia mkusanyo wa kazi za watu kadhaa asiowajua, kila mmoja akiwa na nia yake na riziki yake ya kutafuta, na kwamba wakiondolewa hao kwa usiku mmoja, kivinjari alichokizoea miaka mingi humgeukia kigeni machoni.

Kiendelezi, kwa asiyelizoea jina, ni programu ndogo ipachikwayo ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi ambayo waundaji wake hawakuitia: kuzuia matangazo, kutunza nywila, kufasiri maandishi, kusahihisha tahajia, kulaza vichupo visivyotumika, kutafuta punguzo la bei katika maduka ya mtandaoni. Mwaka 2002 Henrik Aasted Sørensen, aliyekuwa mwanafunzi nchini Denmark, aliandika Adblock kwa ajili ya kivinjari kichanga kilichoitwa Phoenix, ambacho baada ya kubadilishwa jina mara mbili kilikuja kuwa Firefox na kutolewa rasmi katika toleo lake la kwanza kamili tarehe 9 Novemba 2004. Google Chrome, iliyozaliwa Septemba 2008, ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila ya viendelezi, ikavipokea rasmi mwanzoni mwa 2010. Na miongoni mwa mafundi walioviingiza alikuwamo Aaron Boodman, yule yule aliyekuwa ameiandikia Firefox kiendelezi mashuhuri cha Greasemonkey. Tangu hapo kivinjari kisicho na viendelezi kikawa kama hakijakamilika, na mtu akinunua kompyuta mpya kazi yake ya kwanza ikawa ni kuvirudisha vyote alivyokuwa navyo.

Kwetu sisi faida yake ina hesabu ya pekee, maana mtandao tunaununua kwa bando, na tangazo la video lijifunguapo lenyewe halimwulizi mwenye bando kama ameridhia kulilipia. Mtu mwenye megabaiti chache zilizosalia hadi usiku wa manane, ambaye anataka kusoma matokeo ya mtihani wa mwanawe na badala yake anapakuliwa filamu ya gari asiloweza kulinunua, hahitaji kuhubiriwa juu ya manufaa ya kizuia matangazo. Ukurasa hufunguka kwa wepesi, macho hutulia, na bando hudumu. Hayo si anasa.

Lakini faida hiyo hupatikana kwa idhini ambayo wachache huisoma. Wakati wa kukiweka kiendelezi cha namna hii, kivinjari huonyesha kisanduku kidogo kisemacho kwamba programu hii itaweza kusoma na kubadilisha data yako yote katika tovuti zote uzitembeleazo. Chini yake kuna vitufe viwili, na kidole, kwa tasihili ya kutaka kazi iendelee, hubonyeza kile cha kukubali. Maneno hayo maana yake ni hiyo hiyo iliyoandikwa. Tovuti zote ni pamoja na ya benki, ya hospitali inayotuma majibu ya vipimo, ya sanduku la barua, na ya barua ambayo hujaimaliza wala hujaamua kuituma. Wala si kasoro ya ufundi: kiendelezi hakiwezi kuondoa tangazo katika ukurasa kisichoruhusiwa kuusoma. Ni bawabu aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote, kwa sababu hawezi kumzuia mgeni asiyetakiwa pasipo kumjua kila aingiaye na kila atokaye; na basi linalopasa kuulizwa juu yake ni nani amlipaye mshahara, na siku mwajiri huyo atakapobadilika, ni nani atakayempasha habari mwenye nyumba.

Jawabu la swali la pili ni kwamba hakuna. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha Chrome kilichopendwa na zaidi ya watu milioni mbili, hasa wale wenye kompyuta za kumbukumbu ndogo, kwa kuwa kilivilaza vichupo vilivyoachwa wazi bila ya kusomwa na hivyo kuipunguzia mashine mzigo. Mwandishi wake, Dean Oemcke, akakiuza Juni 2020 kwa mnunuzi ambaye jina lake halikutajwa. Vifaa vya watumiaji havikuonyesha dalili yoyote: alama ilikuwa ile ile, jina lile lile, kazi ile ile, na sasisho likaja lenyewe usiku kama ilivyo kawaida ya masasisho. Mafundi wachache waliokuwa na tabia ya kulinganisha msimbo uliotangazwa hadharani na ule uliokuwa unapelekwa kwa watumiaji ndio walioona kwamba viwili hivyo havifanani, na kwamba ndani ya toleo jipya mna njia ya kuleta maagizo kutoka seva isiyojulikana. Wakapiga kelele miezi kadhaa. Tarehe 4 Februari 2021 Google ikakiondoa kiendelezi hicho dukani mwake na kukizima katika kompyuta zote kwa onyo kwamba kina programu hasidi. Na vichupo vilivyokuwa vimelazwa wakati huo vikatoweka na vilivyomo, hata watu wakawa wanafundishana jinsi ya kuchambua ule mstari mrefu wa herufi uliobakia katika historia ya kivinjari ili kuiokota anwani halisi iliyofichwa mwishoni mwake. Mwanafunzi aliyekuwa ameacha marejeo ya tasnifu yake katika vichupo hivyo alijifunza siku hiyo tofauti iliyopo baina ya kulaza na kuhifadhi.

Visa vingine vya namna hiyo vipo, nami nitavipitia kwa haraka. Stylish, kilichotumika kubadilisha sura za tovuti, kilipoingia mikononi mwa kampuni ya takwimu ya SimilarWeb kilianza kukusanya historia ya kila ukurasa uliofunguliwa, kikaondolewa madukani Julai 2018. Nano Adblocker kiliuzwa Oktoba 2020 na kugeuka hasidi katika muda mfupi. Julai 2019 mtafiti Sam Jadali alifichua sakata aliloliita DataSpii, ambamo viendelezi vinane vilivyotumiwa na watu wapatao milioni nne vilikuwa vinachota anwani za kurasa walizofungua, na anwani hizo zikauzwa kwa yeyote mwenye kulipa. Na kwa kuwa anwani nyingi zenyewe ndizo ufunguo wa waraka ulio nyuma yake, mnunuzi aliweza kufikia hati za kodi, tiketi za safari na taarifa za wagonjwa.

Kisa cha Cyberhaven ni cha aina nyingine, na kwa maoni yangu kinatisha zaidi, kwa kuwa hapo hakuna aliyeuza kitu. Kampuni hiyo ya Marekani kazi yake ni kuzuia siri za makampuni zisivuje, na kiendelezi chake kiliwekwa na waajiri katika kompyuta za wafanyakazi kwa ajili hiyo. Mkesha wa Krismasi wa 2024 mfanyakazi wake mmoja alipokea barua iliyojifanya kutoka katika duka la viendelezi la Google, ikimwonya kwamba kiendelezi chao kimevunja kanuni na kitaondolewa. Akafuata maelekezo, akatoa idhini, na saa chache baadaye toleo lenye sumu likawa limekwisha kupelekwa kwa watumiaji kwa njia ile ile ya masasisho ya kawaida. Lilikaa kwa muda upatao siku moja, siku ambayo ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa. Basi hata bawabu mwaminifu, mwenye mwajiri mwaminifu, anaweza kuvuliwa sare na mwingine akaivaa.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikaifuata mwaka 2022. Ni sheria nzuri, nami siidharau hata kidogo, ila sioni namna ambavyo mlalamikaji wa Mombasa au wa Morogoro atakavyomfikisha mbele ya tume mnunuzi asiyetaja jina, aliyenunua kiendelezi kwa fundi wa nchi ya pili na kukiweka katika seva ya nchi ya tatu.

Katika soko la namna hii, mtu akataaye kuuza huonekana kituko. Raymond Hill, fundi wa Kanada, alitoa kizuia matangazo kiitwacho uBlock mwezi Juni 2014, na kilipopata umaarufu akachoshwa na maswali na malalamiko ya watu, akakikabidhi kwa mwenzake Aprili 2015. Mwenzake akaanza kuomba michango. Hill akarudi katika msimbo wake, akaanza upya tawi lake la pekee akaliita uBlock Origin, na hadi leo hapokei mchango wa mtu. Ukimuuliza jinsi ya kumshukuru hukuelekeza uwashukuru wale wanaotunza orodha za matangazo ya kuzuiwa. Ile uBlock ya kwanza, kwa upande wake, ilinunuliwa mwaka 2018 na kampuni ya AdBlock, ambayo huyaruhusu baadhi ya matangazo yapite chini ya mpango wa yale yaitwayo matangazo yakubalikayo, mpango ambao makampuni makubwa hulipia. Majina mawili yanayokaribia kufanana, alama mbili zinazokaribia kufanana, na waajiri walio mbali kama mashariki na magharibi: anayetafuta kwa haraka dukani ana haki ya kuchanganyikiwa, na wapo wengi waliochanganyikiwa. Nami nakiri kwamba sipati raha kamili hata kwa Hill, maana kazi inayotegemewa na makumi ya mamilioni ya watu imesimama juu ya dhamiri ya mtu mmoja asiyelipwa, na dhamiri, tofauti na kampuni, hairithiwi.

Ni juu ya uBlock Origin hasa kwamba mabadiliko ya Google yalileta zogo ambalo limewafanya watu wengi kuanza kutafuta vivinjari vingine. Katika utaratibu wa zamani, kila kivinjari kilipotaka kuleta kitu kutoka mtandaoni, iwe picha, maandishi au kijisehemu cha msimbo wa kumfuatilia msomaji, kilisimama kwanza kikamwuliza bawabu kama kitu hicho kipite, na bawabu akatazama daftari zake, akapima mazingira, akajibu. Utaratibu mpya, uitwao Manifest V3, ambao rasimu yake ilitokea mwishoni mwa 2018, ulimwondolea haki hiyo: sasa hupeleka amri zake mapema kwa maandishi, na kivinjari chenyewe ndicho kinachozisoma na kuamua. Rasimu ya kwanza iliweka kikomo cha amri 30,000 kwa kila kiendelezi, ilhali EasyList, ambayo ni orodha moja tu kati ya zile zinazotumika, ilikuwa imekipita kiasi hicho kwa mbali; baada ya manung'uniko ya miaka kikomo kikapandishwa, na leo jumla yaweza kufika 330,000. Kuanzia Juni 2024 Chrome ikaanza kuwaonya watumiaji, kisha kuvizima viendelezi vya zamani kidogo kidogo, na katikati ya 2025 mlango ukafungwa kabisa. Hill akatoa toleo jepesi, uBlock Origin Lite, linalotii kanuni mpya, naye mwenyewe husema wazi kwamba halilingani na lile la asili.

Insafu inataka hoja za Google zielezwe. Ni kweli kwamba kukiuliza kiendelezi juu ya kila kitu kilichopita kuliweza kukichelewesha kivinjari. Ni kweli vilevile kwamba kiendelezi kisichohitaji kuona mambo yako hakiwezi kuyauza, na visa nilivyovieleza hapo juu ni ushahidi wa kutosha kwamba hofu hiyo haikuzushwa. Ila kuna jambo ambalo watetezi wa Manifest V3 hulipita kimya: chini ya kanuni mpya kiendelezi bado chaweza kuomba idhini ya kuyatazama mawasiliano yote ya kivinjari na kusoma kurasa zote; uwezo wa kutazama umebaki, na uwezo wa kuzuia papo hapo ndio ulioondolewa. Mwizi, basi, hakupungukiwa na kitu kikubwa, ila mlinzi alipungukiwa. Na maadamu sehemu kubwa ya pato la kampuni iliyotunga kanuni hizo hutokana na matangazo, mtu hana haja ya kuwa na moyo wa shaka kupita kiasi ili kujiuliza mizani ile ilishikwa na mkono gani.

Kutoka Chrome, basi, mtu aende wapi? Hapa ndipo wengi hupigwa na mshangao. Chini ya kila kivinjari kuna injini, yaani ule mtambo wa kusoma msimbo wa ukurasa na kuugeuza kuwa herufi, rangi na picha. Na injini zenye watumiaji wengi duniani leo ni tatu tu: Blink ya Google, WebKit ya Apple, na Gecko ya Mozilla. Brave ni Blink. Vivaldi ni Blink. Opera, iliyokuwa na injini yake yenyewe tangu miaka ya tisini, iliitupa mwaka 2013 ikachukua ya Google, na Microsoft ikafanya vivyo hivyo na Edge mnamo Januari 2020. Fauka ya hayo, Blink yenyewe ilichipuka mwaka 2013 kutoka WebKit, na WebKit ilichipuka kutoka KHTML, kazi ya watu wa mradi wa KDE waliojitolea; hivyo Google na Apple, matajiri wawili wasiopendana, wanakula matunda ya shina moja lililopandwa bila ya ujira. Mwenye iPhone hana hata chaguo hilo, kwani nje ya Umoja wa Ulaya na Japani kila kivinjari cha simu hiyo, liwe jina lake Chrome au Firefox, hulazimika kuitumia WebKit.

Nimevijaribu vivinjari hivi kwa muda wa kutosha kuwa na rai juu yake. Vivaldi, kilichoasisiwa na Jon von Tetzchner, mmoja wa waasisi wa Opera, ni kivinjari cha mtu apendaye kupanga: vichupo vyaweza kukaa juu, chini au pembeni, vikarundikwa vikundi vikundi, na kila kitu kina mpangilio wake ndani ya mpangilio mwingine, hata mtu asipojizuia jioni nzima huisha katika kupanga na hajasoma neno. Kizuia matangazo kimo ndani yake, ingawa si hodari kama cha Hill. Brave, cha Brendan Eich aliyeiunda lugha ya JavaScript mwaka 1995, kina kizuia matangazo kilicho imara kisichohitaji kiendelezi chochote, na kwa mtu asiyetaka shughuli za kupachika ndicho ambacho ningempa. Lakini kimejazwa habari za sarafu za kidijitali zisizomhusu msomaji wa kawaida, na mwezi Juni 2020 kilikamatwa kikiongeza alama ya kujipatia kamisheni katika anwani za masoko ya sarafu hizo ambazo watumiaji waliziandika wenyewe, jambo ambalo Eich aliliomba radhi. Bawabu akihamia ndani akawa mtoto wa nyumba, mshahara wake bado hutoka mahali fulani.

Opera sisi tunaifahamu kwa mlango mwingine. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kutufikia mwaka 2009, na hata miaka mingi baadaye, kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura aliyekuwa na Nokia ya vitufe aliuona mtandao kwa mara ya kwanza kupitia Opera Mini, iliyoenea duniani tangu 2006. Na siri ya wepesi wake ilikuwa kwamba ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu, bali ulipita kwanza katika seva za Opera, ukakamuliwa hadi ukabaki sehemu ndogo ya uzito wake, kisha ukatumwa. Maana yake seva hizo ziliona yote yaliyopita, ya siri na yasiyo ya siri. Tuliokoa senti, tukalipa kwa imani, nasi hatukujua kwamba tumelipa; na kwa kuwa wakati huo Opera ilikuwa kampuni ya Norway yenye sifa njema, hapana shaka imani hiyo haikuwekwa mahali pabaya. Lakini mwaka 2016 kivinjari hicho kiliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa Uchina kwa dola takriban milioni 600, na miaka michache baadaye kampuni hiyo ikawa inawakopesha Wakenya fedha kwa programu za OKash na OPesa, ambazo ripoti ya Hindenburg Research ya Januari 2020 ilizituhumu kwa riba ya kinyonyaji, tuhuma ambazo Opera ilizikanusha. Sisemi kwamba kivinjari kilitumika katika mikopo hiyo; nasema kwamba watu waliolizoea jina lile tangu enzi za Nokia hawakuulizwa wala hawakuarifiwa lilipopata mwenyewe mpya.

Wapo waliokimbilia matawi madogo. Novemba 2017 Firefox ilipotoa toleo la 57 na kuvifuta viendelezi vya mtindo wa kale, waliokuwa wamezoea kukigeuza kivinjari chao wapendavyo walihamia Pale Moon na Waterfox, vilivyoendelea kuvikubali. Waterfox, kazi iliyoanzishwa na kijana wa miaka 16, ikauzwa kwa System1, kampuni ya matangazo, kabla ya mwasisi wake kuirejesha mikononi mwake mwaka 2023. Kwa moyo ninawaheshimu mafundi wa matawi haya, lakini kivinjari ni kitu kinachohitaji kuzibwa nyufa za usalama kila juma, na kikundi cha watu wachache hakiwezi kwenda mwendo huo siku zote.

Hubakia Firefox yenyewe, ambayo imekubali Manifest V3 bila ya kuifuta ile haki ya kuzuia papo hapo, na ambayo tangu Desemba 2023 imevifungulia viendelezi kwa wingi hata katika simu za Android. Hili la simu ni kubwa kwetu kuliko yote, maana wengi wetu kompyuta yetu ni simu, na Chrome ya Android haipokei kiendelezi hata kimoja. Mtu wa bando dogo ambaye angenufaika zaidi na kizuia matangazo ndiye aliyenyimwa. Hata hivyo Firefox nayo si malaika. Sehemu iliyo kubwa sana ya pato la Mozilla hutoka Google, inayolipa ili iwe ndiyo mtambo wa utafutaji wa awali katika kivinjari hicho, na jaji Amit Mehta wa Marekani, aliyeamua Agosti 2024 kwamba Google inahodhi soko la utafutaji, katika hukumu yake ya Septemba 2025 hakuyakataza malipo ya namna hiyo. Mwaka huo huo wa 2025, mwezi Februari, Mozilla ililiondoa katika maandiko yake lile tamko la kwamba haitauza kamwe taarifa za watu, ikatoa maelezo marefu ya kisheria ambayo hayakumtuliza kila mtu. Na mwaka 2024 wakaguzi wake walilizuia kimakosa toleo jepesi la Hill. Walikiri kosa, lakini mzee wa watu alikwisha kukasirika, akaliondoa dukani mwao.

Gharama nyingine ya kuhama hutoka kwa wengine. Kuna benki moja, nisiyoitaja, ambayo ukurasa wake wa kuingilia huniambia kwa adabu nitumie Chrome, ingawa nikikiagiza kivinjari changu kijitambulishe kwa jina la Chrome kila kitu hufanya kazi barabara. Vivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa zama za Internet Explorer, ilipokuwa imeshika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji na tovuti zikaandikwa kwa ajili yake peke yake, hata kuzeeka kwake kukawa mzigo wa ofisi za umma kwa miaka. Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Chrome leo imeshika takriban thuluthi mbili ya dunia, na kila mtu atumiaye injini isiyo yake humpa mwandishi wa tovuti sababu moja ya kutosahau kwamba wengine wapo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kwa kazi za kila siku nimekaa na Firefox, nikiwa na uBlock Origin na mtunza nywila, basi. Na kivinjari cha pili kisicho na kiendelezi chochote nimekitenga kwa ajili ya benki na ofisi za serikali, ili hata bawabu mwema asiwe na sababu ya kuwapo huko. Asiyetaka kuhama Chrome na akae, lakini akubali kwamba kila kiendelezi alicho nacho ni mapatano na mtu, na mapatano hupitiwa upya. Ewe msomaji, fungua leo ukurasa wa viendelezi katika kivinjari chako, soma jina moja moja, utazame ni nani mmiliki wake kwa sasa na idhini alizopewa, na kila jina ambalo huwezi kukumbuka uliliweka lini na kwa haja gani, lifute. Kulifuta hakuhitaji ada, wala fundi, wala kuiwasha kompyuta upya.